Amepata nafasi

Saa kumi na moja alfajiri simu ilitikisika chini ya mto. Mtoto wa kaka. "Shikamoo shangazi. Hosteli nimekosa. Mfumo unasema nafasi zimejaa." Chini yake picha ya skrini, na chini ya picha neno moja: "Nifanyeje?"

Wiki tatu kabla, nyumbani Singida, neno "nafasi" hilohilo lilichinjiwa kuku. "Amepata nafasi!" Kaka alipigia ndugu wote mpaka salio likaisha, akaniomba nimrushie vocha ili ampate na shemeji wa Manyoni ambaye alikuwa bado hajaambiwa. Mtoto kamaliza kidato cha sita shule ya serikali, kapata daraja la pili, chuo cha umma kimemchukua kwa chaguo lake la kwanza, na udahili kauthibitisha kwa ile namba ya siri inayotumwa kwenye simu. Hakuna aliyeuliza nafasi yenyewe ina upana gani.

Kiswahili chetu kina ujanja hapa. Nafasi ni jina lako kwenye orodha ya waliochaguliwa. Nafasi ni mahali pa kujikunja ukalala. Nafasi ni wasaa, ule ambao mhadhiri mwenye wanafunzi mia nane hana wa kukupa. Mtoto anaweza kuipata ya kwanza, akakosa ya pili na ya tatu, na sisi tukawa bado tunalamba vidole.

Najua kwa sababu nilipita hukohuko. Mwaka 2008 nilishuka chuoni na tranka la bati na godoro la inchi nne lililoviringishwa na kufungwa kamba ya manila. Chuo sikitaji, waliosoma pale watajijua. Chumba kilijengwa kwa ajili ya watu wanne. Tulilala tisa. Wanne walikuwa na majina ofisini, watano tulikuwa "tumebebwa". Kama hujasoma chuo cha umma nchini hapa, kubebana ndio huko: mwenye kitanda anakupa nusu ya kitanda chake, nawe unampa nusu ya kila ulicho nacho, kuanzia mchele wa nyumbani hadi sabuni. Mimi nilibebwa na dada mmoja wa mwaka wa pili, mtu wa Kagera, tukalala mzungu wa nne mwaka mzima. Miguu yake naijua kuliko sura za walimu wangu kadhaa.

Kubebana kulikatazwa, bila shaka. Basi usiku wa ukaguzi, habari ilipovuja kwamba walezi wa hosteli wanapanda ngazi, sisi wabebwa tulijifunga kanga na kukimbilia bafuni na ndoo. Saa sita za usiku bafu lilijaa wasichana thelathini waliosimama na ndoo tupu, hakuna anayeoga. Mlezi anachungulia, anatutazama, anafunga mlango. Nadhani na yeye alikuwa amewahi kubebwa.

Kozi iliyosomwa na kila mtu, ile ya taaluma za maendeleo, niliisoma dirishani. Ukumbi uliwatosha waliowahi, na kuwahi maana yake ni kuweka daftari kwenye kiti saa kumi na mbili asubuhi kwa kipindi cha saa nne. Waliochelewa tulisimama nje, kwenye majani, tukiandika juu ya mgongo wa mwenzetu. Mhadhiri akisema neno, wa ndani analirusha kwa wa katikati, wa katikati kwa wa mlangoni, wa mlangoni kwetu. Na Kiingereza chenyewe ndicho kile cha kusikia kwa jirani. Baadaye nililinganisha madaftari na mtu aliyekuwa amekaa kiti cha mbele. Ungedhani tulisoma vyuo viwili.

Usiku tulipigia msuli kwenye vimbweta, zile meza na viti vya zege chini ya miti. Nimezunguka vyuo vingi tangu hapo kwa sababu ya kazi, na bado nahesabu vimbweta kwanza kabla ya kusoma kibao cha idara. Kimbweta ni ushahidi. Panapokuwa na vimbweta vingi na vimejaa hadi saa saba za usiku, ujue maktaba haitoshi na vyumba havikaliki.

Nayasimulia haya na watu wanacheka, mimi mwenyewe nacheka. Tulifaulu, si ndiyo? Hapo ndipo penye mtego. Kila kizazi kilichobebana kinakuja kuwa kizazi cha maofisa wanaosema "sisi tulilala tisa na tukatoka". Hatuwahesabu waliodisko, yaani walioondolewa chuoni kwa kufeli. Hatumhesabu yule wa chumba cha pili aliyerudi kwao Kishapu muhula wa kwanza kwa sababu ya kodi, wala hatumuulizi leo yuko wapi.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 na wanafunzi 14, wote wa sheria, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Kilikuwa tawi la Chuo Kikuu cha London wakati huo, na Mlimani kilihamia 1964. Watu 14 unaweza kuwajua kwa majina, na ukajua nani ana malaria. Serikali iliwalipia kila kitu, ikawadai kitu kimoja: kwamba watalitumikia taifa. Wanafunzi walipokataa masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa mwaka 1966, Mwalimu Nyerere aliwarudisha makwao karibu 400. Hata ukiona alikuwa mkali kupita kiasi, na mimi naona hivyo, mkataba ulieleweka pande zote mbili. Mwanzoni mwa miaka ya tisini ndipo ukaja mkataba mwingine, uchangiaji wa gharama, na mwaka 2004 sheria ya Bodi ya Mikopo, ambayo ilianza kazi Julai 2005. Tangu hapo mwanafunzi wa Tanzania amekuwa mdaiwa kabla hajawa mtaalamu. Mimi nilikopa, nilikatwa kwenye mshahara, nimemaliza, na wala sina kinyongo. Bila ule mkopo ningekuwa nauza alizeti, na si kwa jumla.

Sasa hesabu, na hii haihitaji mtakwimu, inahitaji vidole. Sensa ya 2012 ilitukuta watu milioni 44.9. Ya 2022 ikatukuta milioni 61.7. Karibu watu milioni 17 wameongezeka ndani ya miaka kumi, na wengi wao ni hawa wanaovaa sare. Wachukue walioanza darasa la kwanza Januari 2016, mwaka ambao elimu bila malipo ilianza. Mwaka ule madarasa ya kwanza yalifurika mpaka mwalimu hana pa kukanyaga. Watoto wale walimaliza la saba 2022. Kidato cha nne ni 2026. Wanaoendelea wanaingia cha tano Julai 2027, na ada ya cha tano na cha sita ilishafutwa tangu mwaka wa fedha 2022/23, kwa hiyo wazazi waliokuwa wanamkatia mtoto njia hapo sasa hawana sababu. Mei 2029 mtihani wa kidato cha sita. Oktoba 2029 wanashuka stendi ya Magufuli pale Mbezi, tranka kichwani.

Nyuma yao kuna wimbi jingine. Mtaala mpya ulipoanza Januari 2024 ulianza na darasa la kwanza na la tatu, na kwa mtaala huo shule ya msingi inaishia la sita. Maana yake mwaka 2027 la sita wa mtaala mpya na la saba wa mtaala wa zamani wanamaliza pamoja, na Januari 2028 madarasa mawili yanaingia kidato cha kwanza kwa mlango mmoja. Wasogeze mbele kwa vidole uone. Ni 2034 hapo, vyuoni.

Kwa hiyo hakuna atakayesema alishtukizwa. Tarehe tunazo. Kilichobaki ni kujua chumba kitatoka wapi.

Nikisema hivyo, watu hunijibu kwa mkopo: bajeti imeongezeka. Ni kweli. Ilikuwa shilingi bilioni 570 mwaka 2021/22 na ikafika bilioni 787 mwaka 2024/25. Tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo imeondolewa tangu 2021. Posho ya chakula na malazi, bumu, imepanda kutoka shilingi 8,500 kwa siku hadi 10,000. Hayo yote nayakubali bila ubishi. Lakini mkopo unamwezesha mtu kununua kitu, na kitu chenyewe, kitanda karibu na darasa, hakipo sokoni kwa bei ya bumu.

Nilikaa na mtoto wa kaka kwenye simu tukapiga hesabu yake. Chumba kimoja mtaani, mwendo wa dakika arobaini kwa mguu kutoka chuoni, shilingi 60,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba anataka miezi sita. Dalali anataka mwezi wake. Hiyo ni 420,000 kabla hajanunua ndoo. Bumu kwa mwezi ni 300,000, tena halitoki siku unaposhuka kwenye basi. Lazima usajiliwe kwanza, usaini. Na bumu hilohilo ndilo chakula. Ada ya chuo cha umma, ukiangalia hiyo tu, inabebeka, na wengine bodi inawalipia yote. Familia zinavunjikia kwenye wiki nne za mwanzo, kwenye kodi ya miezi sita, kwenye mbuzi anayeuzwa kwa bei ya kutupwa kwa sababu kila mzazi kijijini anauza mbuzi mwezi huohuo wa kumi.

Kwa msichana hesabu ni nyingine kabisa. Nilipokuwa mwaka wa pili nilikosa hata wa kunibeba, nikapanga mtaani na wenzangu wawili. Maktaba ilifungwa saa nne usiku. Kutoka geti la chuo hadi kwetu kulikuwa na daraja, kichaka cha miba, na baa iliyokuwa na jenereta. Ukipita baa, umeme unaishia hapo. Tulikuwa tunatoka maktaba saa kumi na mbili na nusu, kabla giza halijaiva, na hivyo kila siku tulipoteza saa tatu na nusu za kusoma ambazo mvulana wa darasa letu alikuwa nazo. Zipige kwa muhula, kisha unieleze kuhusu ufaulu wa wasichana. Kuna waliopata "mtu wa kuwasaidia kodi" pia. Siwahukumu hata kidogo. Namhukumu aliyepanga udahili bila kupanga kitanda.

Na kitanda si ghali kiasi hicho. Hosteli za Magufuli pale Mlimani zilizinduliwa Aprili 2017: majengo 20, wanafunzi 3,840, kwa gharama iliyotajwa ya shilingi bilioni 10. Gawanya. Ni milioni 2.6 na ushee kwa kitanda. Ndiyo, mwishoni mwa mwaka uleule watu walipiga picha nyufa na mitandao ikawaka. Sawa, sema zilijengwa kwa bei ya kulipua. Zidisha mara tatu, fanya milioni 8 kwa kitanda kilicho imara. Vitanda elfu kumi vinakuwa bilioni 80, sehemu moja ya kumi ya mikopo ya mwaka mmoja, na kitanda kinalala mtu miaka thelathini. Sijawahi kupata jibu la kuridhisha kwa nini hili si jambo la kila bajeti, na la vyuo vyote.

Jibu moja ninalolijua ni UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma. Mwaka 2007 serikali ilianzisha chuo pale Dodoma, kikianzia ukumbi wa Chimwaga uliokuwa wa CCM, kwa ndoto ya wanafunzi 40,000. Majengo mengi yalijengwa kwa fedha za mifuko ya hifadhi ya jamii, yaani akiba za wafanyakazi, na deni lake liliandikwa na wakaguzi ripoti baada ya ripoti. Ukifika pale leo utakuta vilima na hosteli mpaka jicho linapoishia. Nakipenda kile chuo, nasema wazi, kwa sababu kilithubutu kujenga vyumba. Lakini Mei 2016 wanafunzi zaidi ya 7,000 wa stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi waliambiwa waondoke chuoni, kwa kuwa wahadhiri walikuwa hawaingii darasani. Vitanda vilikuwepo, mwalimu hakuwepo.

Mwalimu ndiye sehemu inayonitisha kuliko zote. Zege linakauka kwa siku ishirini na nane, wakati mhadhiri anahitaji shahada tatu, na kati ya kuajiriwa msaidizi na kurudi na uzamivu miaka kumi inapita bila kelele. Mradi wa elimu ya juu wa HEET, zile dola milioni 425 za mkopo wa Benki ya Dunia, una pande zote mbili, na kwa haki lazima niseme una akili: unasomesha wahadhiri na unapeleka matawi mikoani. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wanajenga Kagera na Lindi, chuo cha Muhimbili Kigoma, cha Mzumbe Tanga. Mtoto wa Kasulu kusomea udaktari Kigoma akirudi kwao mwisho wa juma ni nafuu ambayo hakuna bumu litakaloilipa. Wasiwasi wangu ni kama kila mhadhiri aliyesomeshwa atakubali kuishi huko, au tutakuwa na matawi yanayofundishwa na watu wa Alhamisi na Ijumaa, wanaokuja na ndege na begi dogo.

Majirani zetu Kenya wameshapita njia hii na mashimo yake yanaonekana kutoka Namanga. Mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungua masomo sambamba kwa wenye kujilipia, vyuo vingine vikafuata, fedha zikaingia, matawi yakaota hadi ghorofani juu ya supamaketi. Kisha 2016 mtihani wa kumaliza sekondari ulidhibitiwa, na waliopata C+ kwenda juu wakashuka kutoka zaidi ya 160,000 hadi chini ya 90,000 kwa mwaka mmoja. Wa kujilipia wakapotea, madeni yakabaki. Mwaka 2023 wakaja na mfumo wa kupanga familia kwa makundi ya uwezo, na Desemba 2024 Mahakama Kuu ikasema unakiuka katiba. Sicheki. Nasema tu kwamba anayetaka kuendesha chuo cha umma kwa ada za wanaojiweza ajue wanaojiweza wanaweza kuondoka.

Kuna wanaosema basi wasiende wote, waende VETA, vyuo vya ufundi stadi. Nakubaliana nao mpaka nitakapoona mtoto wa kwanza wa anayesema hivyo ameenda VETA.

Ninachokiona kinadharauliwa bila sababu ni Chuo Kikuu Huria. Kimeanza kufundisha mwaka 1994 na kina vituo mikoani kote. Mwalimu aliyenifundisha hesabu kidato cha pili alisomea shahada yake kule akiwa bado anafundisha, akiandika kazi zake usiku, akifanya mitihani mkoani. Hakumwomba mtu kitanda hata siku moja. Alichukua miaka saba. Siku ya mahafali alivaa joho juu ya suti iliyokuwa imepauka mabega, na wanafunzi wake wa zamani tulikodi Noah kwenda kumshangilia. Lakini nilipomtajia kaka chuo hicho mwaka huu, alinyamaza kwanza, halafu akasema, "Mdogo wangu, mtoto amepata nafasi." Akimaanisha yale majengo, ile kadi ya chuo shingoni.

Jumamosi nilikwenda Manzese kumnunulia godoro, maana la kwao lilibaki kwa mdogo wake. Muuzaji akaniuliza futi ngapi. Nikampigia mwenyewe. Alikuwa ameshapata chumba, akaniambia, palepale mtaani nyuma ya chuo. Wenye nyumba wamekubali miezi mitatu. Nikamwambia nachukua la futi mbili na nusu, ndilo la mwanafunzi.

"Shangazi, chukua la futi nne," akasema. "Kuna jamaa wa Newala alikuwa analala msikitini."